Vidoa vya mdomoni ni alama ya ukoo, lakini tumboni je?

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nakuandikia kutoka Lindi. Mwanangu wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 11. Tangu akiwa na miaka 7 tumbo lake halijatulia. Linamshika ghafla, anajikunja chini analia, baada ya nusu saa linaachia, anainuka anakwenda kucheza. Kwa kuwa lilikuwa linaachia, sote tukalizoea. Mama mkwe alisema ni mchango, akamchemshia mizizi. Zahanati walimpa dawa za minyoo, kisha wakamtibu taifodi mara tatu ndani ya mwaka mmoja, kisha wakasema ni vidonda vya tumbo. Mwaka jana akaanza kupauka viganja. Alipopimwa, damu ilikuwa 6. Akaongezewa, ikapanda, na baada ya miezi michache ikashuka tena. Hakuna aliyejua inakwenda wapi.

Ramadhani iliyopita, tulipoamka kula daku, tumbo likamshika na safari hii halikuachia. Akatapika nyongo ya kijani, tumbo likavimba likawa gumu, na choo kikatoka ute mwekundu. Tulimkimbiza hospitali ya rufaa, wakampiga altrasaundi na asubuhi ileile akapasuliwa. Daktari wa upasuaji alinieleza kwamba utumbo mwembamba ulikuwa umeingia ndani ya mwenzake, kama mkono wa shati unavyojivuta ndani ukilivua kwa haraka. Kipande cha kama shibiri moja kilikuwa kimeshakufa, wakakikata na kuunganisha. Ndani yake mlikuwa na kinyama kikubwa kama ndimu. Kikapelekwa maabara, majibu yakaja baada ya wiki tano: polipu aina ya hamatoma, hakuna saratani.

Siku ya majibu yule daktari alimwambia mwanangu afungue mdomo. Ana vidoa vyeusi kwenye midomo na ndani ya mashavu, amekuwa navyo tangu mdogo. Akaniuliza nani mwingine anavyo. Nikamwambia baba yake anavyo, vimefifia. Binti yetu wa miaka 4 anavyo. Marehemu babu yao alikuwa navyo. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa navyo pia, naye alifariki akiwa na miaka 34 kwa tumbo kuvimba. Babu naye wanasema "alikwenda na tumbo". Daktari akatikisa kichwa, akasema familia nzima ichunguzwe, na mtoto apelekwe Dar es Salaam akamulikwe utumbo wote.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mama mkwe anasema vile vidoa ni alama ya ukoo wao, na kwamba "mtoto wa kwetu hahitaji cheti, mdomo wake ndio cheti". Anaona nimekwenda hospitali kuutukana ukoo. Mume wangu anasema kinyama kimetolewa, maabara wamesema si saratani, basi yamekwisha. Mwezi uliopita tulimpeleka mtoto kwa kipimo cha kumeza mpira wenye kamera, kikaonyesha safi kabisa. Mume wangu akaniambia, "Si umeona?" Kuhusu kupimwa yeye mwenyewe hataki hata kusikia.

Daktari, mimi ndiye mkaidi? Kama si saratani, tunamfuatilia mtoto kwa kitu gani? Na binti yangu ambaye haumwi popote, nimpeleke akapimwe nini? Jirani ananiambia nimpe mtoto mlonge na shubiri viyeyushe vinyama vilivyobaki. Halafu mwanangu mwenyewe ananiuliza kila siku kama atacheza tena mpira, nami sina jibu.

Mama wa wawili, Lindi

*

Marahaba, mwanangu. Na pole sana kwa ule usiku wa daku. Huo si ukaidi. Yule daktari aliyemwambia mtoto afungue mdomo alifanya jambo ambalo wengi tunalisahau: tunabonyeza tumbo miaka minne mizima bila kuangalia midomo. Aliyoyaona yana jina. Yanaitwa ugonjwa wa Peutz-Jeghers, kwa majina ya madaktari wawili, Jan Peutz wa Uholanzi aliyeuandika mwaka 1921 na Harold Jeghers wa Marekani aliyeuandika na wenzake mwaka 1949.

Naanza na kile kipimo cha mpira, kwa sababu ndicho kilichompa mumeo usingizi. Kipimo kile kinapita kooni, kinaangalia mfuko wa chakula, kinaingia kidogo kwenye mwanzo wa utumbo mwembamba na kuishia hapo. Sehemu hiyo ya mwanzo ina urefu wa kama sentimita 25. Kipimo cha kuingizia njia ya haja kubwa nacho kinakagua utumbo mpana, na kikijitahidi kinachungulia mwisho tu wa utumbo mwembamba. Katikati kunabaki mita kadhaa ambazo hakuna aliyezitazama, na kwa ugonjwa huu huko katikati ndiko vinyama vinakopenda kuota. Ni sawa na mtu aliyetumwa kutafuta mtumbwi uliopotea, akakagua gati la Lindi na gati la Mtwara, akarudi kusema baharini hakuna kitu. Majibu ya mwanao ni ya kweli kwa mahali palipoangaliwa. Kinyama kilichotaka kumuua hakikuwa mahali hapo.

Sasa hilo la "si saratani". Maabara wamesema kweli kuhusu kinyama kimoja walicholetewa. Hamatoma ni nyama ya utumbo wenyewe iliyoota bila mpangilio. Ukiikata na kuitazama kwa hadubini unaona misuli imejigawa ndani yake kama matawi ya mti, na sura hiyo ndiyo inayompa mtaalamu wa maabara jina la ugonjwa. Nyingi ya hamatoma hizi hazigeuki saratani. Ila mwenye ugonjwa huu anaziotesha maisha yake yote, na ndani ya baadhi yake chembe huanza kubadilika. Kwa makadirio tunayoyatumia sana, katika watu 100 wenye Peutz-Jeghers, kama 13 watapata saratani ya utumbo mwembamba kabla ya kutimiza miaka 65. Linganisha na watu wengine, ambao saratani ya utumbo huo kwao ni nadra kiasi kwamba daktari anaweza kustaafu akiwa ameona wachache tu.

Lakini kwa mtoto wa miaka 11 saratani si hofu ya kwanza. Hofu ya kwanza ni ile mliyokwisha kuiona. Kinyama kikubwa kinaning'inia ndani ya utumbo, utumbo unakisukuma mbele kama unavyosukuma chakula, kinauvuta ukuta uliokishika, na utumbo unajimeza wenyewe. Karibu nusu ya watu wenye ugonjwa huu hupatwa na jambo hilo kabla ya kufika miaka 20. Yale maumivu ya nusu saa yaliyokuwa yakimshika na kumwachia tangu ana miaka 7, mimi nayasoma hivyo: utumbo ulikuwa unajikunja na kujikunjua wenyewe, mpaka siku ulipokwama. Na ile damu iliyokuwa ikipotea bila kuonekana ilikuwa inavuja kidogo kidogo kutoka kwenye vinyama, inachanganyika na choo. Usijilaumu kwa mizizi wala kwa taifodi. Maumivu yanayokuja na kuondoka yamewapotosha waliosoma kuliko wewe.

Anayekaribia umri wa saratani nyumbani kwako ni baba yake. Nitarudi kwake.

Ugonjwa huu unatokana na hitilafu kwenye jeni iitwayo STK11, iliyogunduliwa kuwa chanzo mwaka 1998. Kazi ya jeni hiyo ni kama breki, inazizuia chembe za mwili zisikue ovyo. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja mbovu anaweza kumpa mtoto nzima au mbovu, nusu kwa nusu, na kila mimba shilingi inarushwa upya. Wako pia wanaoanza nao wenyewe bila mzazi yeyote kuwa nao, lakini kwenu si hivyo. Hapa hapana mkono wa mtu, hapana chakula ulichokosea ukiwa mjamzito.

Kwa ugonjwa huu hatulazimiki kusubiri kipimo cha jeni. Mtu mwenye vidoa vya aina hii na ndugu wa karibu mwenye ugonjwa tunamhesabu kuwa nao. Mwanao ana kinyama kilichothibitishwa maabara, ana vidoa, ana ukoo; kwake hakuna ubishi. Kwa kipimo hichohicho mumeo anao, na binti yako, mradi daktari ahakikishe kwa macho yake kwamba ni vidoa vyenyewe, anao pia. Najua sentensi hiyo ni nzito kuisoma. Kipimo cha jeni kikipatikana kinasaidia hasa kwa ndugu wasio na vidoa, kuwatoa kwenye hofu. Kisipopatikana, kazi inaendelea.

Vidoa hivi vina tabia moja inayodanganya. Vya midomoni hufifia mtu akishabalehe, kama vilivyofifia vya mumeo, ila vya ndani ya mashavu mara nyingi hubaki. Vinyama havifuati vidoa, havififii. Kwa hiyo shangazi au amu anayesema "mimi vyangu vilishafutika" hajapona kitu. Mmulike kwa tochi ndani ya mashavu. Na wewe leo, kabla binti hajakua, mpige picha ya midomo kwa simu uitunze, itamsaidia daktari wa baadaye.

Twende kwenye hatua ya kijana. Anahitaji utumbo mwembamba wote uonekane. Kwa watoto wasioumwa tunaanza uchunguzi wa kwanza wakiwa na miaka 8. Kwa anayeumwa, wakati wowote. Kuna njia mbili nzuri. Ya kwanza ni kapsuli yenye kamera. Ni kidonge cha urefu wa milimita 26 na unene wa 11, mtoto anakimeza, kinasafiri kinapiga maelfu ya picha kwa muda wa saa nane au zaidi, kisha kinatoka na choo. Hakiumi. Lakini kwa mwanao kuna tahadhari: alishakatwa utumbo na kuunganishwa, na mahali penye kovu panaweza kuwa pembamba, kapsuli ikakwama. Mwambieni daktari habari ya upasuaji kabla hajampa. Kuna kapsuli ya majaribio inayoyeyuka yenyewe ikikwama, hiyo hutangulizwa kupima njia. Njia ya pili ni MRI ya utumbo, yaani picha za mashine ya sumaku. Mtoto anakunywa maji maalumu ya kuutanua utumbo, halafu analazwa kwenye mashine. MRI haina mionzi, na kwa mtoto atakayepimwa miaka 60 ijayo jambo hilo lina uzito kwangu. CT, ile mashine ya picha za eksirei za vipande vipande, ina mionzi. Naipenda siku ya dharura, si kwa ufuatiliaji wa kila mara. MRI inakosa vinyama vidogo, kapsuli nayo wakati mwingine inapita haraka pale juu ikakiacha kinyama kikubwa, kwa hiyo ukisikia daktari anataka zote mbili usidhani anakutafutia gharama. Na mkiambiwa vyote hivyo havipo kwa sasa, ile eksirei ya zamani ya kunywa dawa nyeupe ya beriamu si bora lakini inashinda kukaa gizani.

Huko tunatafuta ukubwa. Kinyama cha milimita 15 hadi 20 au zaidi kinatolewa hata kama mtoto haumwi, kwa sababu kuanzia hapo ndipo utumbo hujimeza. Kidogo zaidi kinachovujisha damu au kuuma nacho kinatolewa. Vilivyo vidogo na vimetulia tunaviacha na kuvitazama tena baada ya mwaka 1 hadi 3, kutegemea vilivyo vingi na vinavyokua. Kipimo cha juu na cha utumbo mpana navyo vifanyike. Kile cha juu mmekifanya, sasa bado cha chini.

Kuvitoa nako kumebadilika sana. Mwaka 2001 daktari wa Kijapani, Hironori Yamamoto, alichapisha njia ya kuingiza kamera ndefu yenye maputo mawili yanayojaa na kupungua kwa zamu, ikaukusanya utumbo juu ya mpira kama unavyokunja mguu wa suruali, mpaka ikafika katikati ambako hapakuwa pakifikika bila kisu. Kupitia kamera hiyo daktari anadunga dawa kwenye shina la kinyama, anakizungushia kitanzi cha waya, anapitisha umeme, kinakatika. Hatari zipo, kuvuja damu na utumbo kutoboka, na huongezeka kadiri kinyama kinavyokuwa kikubwa. Ndiyo maana tunataka kuvikuta vidogo.

Kamera ya maputo ikikosekana, ipo njia ambayo madaktari wa hospitali kubwa za rufaa wanaweza kuipanga. Daktari wa upasuaji anafungua tumbo, anatoboa tundu dogo kwenye utumbo, mwenzake wa endoskopi, yaani wa vipimo vya kamera, anaingiza kamera hapohapo, wanaupitia utumbo wote kutoka mwanzo hadi mwisho wakisafisha kila kinyama kikubwa. Watoto waliosafishwa hivyo hurudi mezani kwa upasuaji mara chache zaidi. Hili nakuomba ulishike kwa sababu lina uzito kuliko yote niliyoandika kuhusu vifaa: utumbo usikatwe bila lazima. Kile kipande cha shibiri moja kilikuwa kimekufa, hakikuwa na budi kutoka, na aliyekitoa aliokoa maisha. Lakini mtoto anayekatwa shibiri leo, shibiri baada ya miaka mitatu, na tena na tena, siku moja hubaki na utumbo mfupi usiotosha kumlisha. Mkiwa Dar ulizeni wazi: je, mnaweza kutoa vinyama na kuuacha utumbo?

Nakushauri uanzie Muhimbili, kliniki ya magonjwa ya mfumo wa chakula, ukiwa na barua ya rufaa. Ila usikate tiketi ya basi kabla ya kupiga simu au kumwomba daktari wako apige, aulize kipimo gani cha utumbo mwembamba kinafanya kazi wiki hiyo na nani anavitoa vinyama. Nimeona familia zinauza mbuzi kwa nauli, zinafika na kuambiwa mashine ni mbovu. Beba karatasi ya kuruhusiwa wodini na majibu ya maabara. Uliza pia kama kile kipande bado kimehifadhiwa kwenye nta, kwa sababu maabara hukitunza na mtaalamu mwingine anaweza kukisoma upya. Kusomwa mara ya pili kuna maana hapa. Katika hamatoma chembe za kawaida zinaweza kusukumwa ndani ya ukuta wa utumbo zikafanana na saratani iliyopenya, na aliyezoea ugonjwa huu huzitofautisha. Gharama zikiwalemea, hospitali ina afisa ustawi wa jamii. Mtafuteni mapema, msisubiri deni.

Mlonge mpe kama mboga, ni chakula kizuri. Shubiri usimpe. Inasukuma tumbo kwa nguvu na kuharisha, na utumbo wenye vinyama vinavyoning'inia hauhitaji kusukumwa. Hakuna jani linaloyeyusha hamatoma, na hata dawa za hospitali zilizojaribiwa kuzizuia zisiote bado si tiba tunayompa mtoto. Anachohitaji kumeza ni madini ya chuma kwa ajili ya damu, apimwe damu kila baada ya miezi mitatu kwa sasa. Dawa za chuma hufanya choo kiwe cheusi, usishtuke. Ila kikiwa cheusi, chenye kunata kama lami, na mtoto amelegea, hiyo ni damu, nenda hospitali.

Na likimshika tena, tumbo likauma kwa mawimbi, akatapika kijani, likavimba, upepo usitoke au ute mwekundu ukatoka, usimpe chakula, usimpe dawa ya minyoo, na tafadhali asikandwe. Najua bibi atataka kumkanda. Nenda moja kwa moja palipo na daktari wa upasuaji. Andika kwenye kikaratasi, ukitie plastiki, kikae kwenye begi lake la shule: "Ana ugonjwa wa Peutz-Jeghers, ana vinyama kwenye utumbo mwembamba, alishapasuliwa kwa sababu ya utumbo kujimeza. Akiumwa tumbo, fikirieni utumbo umejimeza tena." Kikaratasi hicho kitamwepusha na taifodi ya nne.

Binti wa miaka 4 asiyeumwa hahitaji kapsuli leo. Aonwe na daktari wa watoto, vidoa vithibitishwe, apimwe wingi wa damu, afuatiliwe ukuaji. Akianza kulalamika tumbo au damu ikishuka, tusingoje miaka 8. Akiwa mtu mzima atahitaji pia uchunguzi wa matiti ulioanza mapema kuliko wenzake, na wa shingo ya kizazi na mifuko ya mayai, kwa sababu ile breki mbovu haiko tumboni peke yake. Kwa kaka yake, ukiona matiti yanaota kabla ya wakati au korodani inavimba, mwambie daktari. Hutokea mara chache, lakini ni mama ndiye huona.

Sasa baba yao. Mtu mzima mwenye vidoa hivi, ambaye baba na dada yake walikufa kwa tumbo, hajawahi kuangaliwa utumbo wala kongosho. Sitadai kujua kilichowaua marehemu, hatukuwepo. Ila kwa umri wa mumeo saratani za utumbo mpana, mfuko wa chakula, kongosho na huo utumbo mwembamba ndizo zinazotuogopesha, na nyingi zikikutwa mapema, au zikikutwa bado ni vinyama, zinatibika. Usimwanzie na neno saratani, utamfunga masikio. Mwanzie na damu. Mwambie mtoto alikuwa na 6 bila mtu kujua, naye apime tu wingi wa damu, sindano moja, siku mtakayompeleka mtoto. Yeye ndiye amshike mtoto mkono kwenye safari ya Dar, na wewe mpigie simu daktari kabla, umwombe amwangalie mdomo mbele ya mwanawe. Wanaume wengi niliowahi kuwatibu walikubali kwa ajili ya mtoto kile walichokikataa kwa ajili yao.

Na mama mkwe. Mwanangu, huyu usimfanye adui, maana anacho tusichokuwa nacho sisi wote. Amesema kweli kwamba ni alama ya ukoo. Ile familia ya Kiholanzi aliyoiandika Peutz mwaka 1921 nayo ilikuwa na alama hiyohiyo. Watafiti walirudi kwa vizazi vyake, na mwaka 1999 wakachapisha habari za miaka 78 ya ukoo ule: nani alikuwa na vidoa, nani alikufa kwa utumbo kuziba, nani kwa saratani. Waliweza kwa sababu kulikuwa na watu wanaokumbuka. Kaa na bibi jioni moja, umwombe akuhesabie watoto wa ukoo ule mmoja mmoja, nani alikuwa na vidoa, nani alikufa na tumbo, akiwa na umri gani, ameacha watoto wangapi na wako wapi. Hasa watoto wa marehemu wifi yako, ambao hukuwataja. Wana nusu ya uwezekano, na pengine wako mahali wanatibiwa taifodi. Uandike, umsomee, akusahihishe. Karatasi hiyo ndiyo daktari wa Dar atakayoitaka kwanza, na jina la aliyeitoa liandikwe juu.

Mpira acheze. Kidonda cha tumbo kikishakomaa, daktari wake wa upasuaji akishambonyeza na kuridhika, mara nyingi ni baada ya wiki sita hivi, na damu ikiwa imepanda, arudi uwanjani kama wenzake. Kukimbia hakuoteshi vinyama. Mwambie leo akitoka shule.